Mtaro wetu, mfereji wao

Baba alinifundisha kufungua tuta kabla hajanifundisha kupanda mpunga. Ilikuwa mwaka 1987, mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ndio umekamilika, na mashamba ya tambarare yetu yalikuwa yamepimwa upya yakawa majaruba yaliyonyooka: mita 30 kwa 100, hekta 0.3 kila moja. Nilikuwa darasa la tatu. Alinishikisha jembe, akanipeleka pembe ya chini ya jaruba, akasema, "Kule juu ukikosea, utakosa maji. Hapa chini ukikosea, mpunga utakuozea."

Kila jaruba letu lina milango miwili. Wa juu unaingiza maji ya mfereji, yanayotoka mto Rau na chemchemi za Njoro. Wa chini unayatoa kwenda mtaroni. Nimelima hapa tangu baba alipozeeka, na kwa miaka mingi niliamini kazi yangu inaishia kwenye ule mlango wa chini. Maji yakishavuka tuta, nilihesabu yamekwisha.

Wapo wanaodhani skimu ya umwagiliaji ni habari ya kuingiza maji tu, kwa hiyo nieleze kwanza kwa nini tunayatoa. Huku chini ya mlima ni kukavu. Ukisimama mabondeni unauona Kilimanjaro na mawingu yake, lakini jua linalokuchoma ni la nyika. Maji yakituama shambani na jua likayanyonya, chumvi iliyokuwa ndani yake hubaki juu ya udongo. Sisi tunaita magadi. Kwanza unaona weupe mwembamba pembeni mwa jaruba asubuhi, kama unga uliomwagika. Msimu unaofuata udongo ule ukilowa unateleza kama sabuni, ukikauka unakuwa mgumu hata jembe linaruka. Miche inaungua ncha, inadumaa, mingine inakufa ikiwa bado midogo. Dawa yake ni kuuosha udongo kwa maji mazuri na kuyaacha yatoke, na hayatoki kama mtaro umeziba. Kwa hiyo mtu akiniambia njia ya kulinda mto ni kutotoa maji shambani kabisa, namwelewa nia yake, lakini hajaona pembe ya jaruba langu ilivyokuwa mwaka 2009. Nilipoteza karibu robo ya jaruba kwa magadi, kwa sababu mtaro ulikuwa umejaa matete na tope kiasi kwamba maji yalikuwa yanarudi nyuma.

Tuliitisha msaragambo. Kila kaya ilitoa mtu na koleo. Tulifyeka, tukachimba, tukang'oa majani mpaka mizizi, pande zote mbili, tangu majaruba ya juu hadi mwisho wa eneo letu. Siku ya nne mtaro ulikuwa mweupe, umenyooka, hauna hata jani moja. Nilisimama ukingoni nikaona fahari. Masika yalipokuja maji yalipita mbio, na kila aliyeniuliza nilimwambia tumefanya kazi nzuri. Kwetu ilikuwa nzuri kweli. Magadi yalipungua ndani ya misimu miwili.

Miaka kadhaa baadaye, mwezi wa tatu, nilikuwa nimepandikiza mpunga wangu wiki tatu nyuma. Asubuhi nilimwaga mbolea ya urea, nusu mfuko, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Jioni mlima ulifunikwa, upepo ukageuka, nikajua usiku kutanyesha. Tuta langu la chini lilikuwa bovu. Niliogopa litapasuka, nikachukua jembe nikalikata hadi chini, kama nilivyofundishwa. Maji yakatoka yote, nikaenda kulala.

Hesabu ya nilichokifanya niliipiga baadaye. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, maana ni asilimia 46. Nusu mfuko ni kilo 11 na nusu. Urea inayeyuka ndani ya maji upesi kama sukari kwenye chai, na haijashikwa na udongo bado. Nilipofungua tuta saa kumi na mbili jioni, mbolea niliyoimwaga saa mbili asubuhi ilikuwa bado imo kwenye maji yale. Sehemu kubwa ya fedha yangu iliondoka nayo. Mpunga ulibaki na rangi ya njano wiki mbili.

Lakini siyo mpunga ulionifumbua macho. Siku ya tano asubuhi alikuja bibi mmoja wa kitongoji cha chini, mjane, mtu mzima sana, anatembea na fimbo. Nilimjua tangu utotoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea maji yako."

Akatua kidumu cha lita tano mbele yangu. Maji ya ndani yalikuwa ya kijani, na juu yake utando mwembamba uliokatika katika alipokitikisa. Alisema ameyachota pale wanapofulia na kunyweshea, na ng'ombe wameyanusa wakageuza vichwa. Nilijitetea. Nikamwambia, "Bibi, mtaro huu una watu wengi, siyo mimi peke yangu."

"Najua," akasema. "Nimeanza na wewe kwa sababu baba yako alikuwa anakunywa kwenye kisima changu."

Sikuwa na jibu. Nilivaa buti nikamfuata.

Naona aibu kuandika kwamba nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini na sijawahi kuufuata mtaro wetu hadi unakofika. Tulipita majaruba ya mwisho ya skimu, na hapo nikakuta kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia, au labda niliambiwa sikusikia. Watu wa chini, ambao hawamo kwenye mradi na hawana zamu ya mfereji, walikuwa wameuziba mtaro kwa mawe na magunia ya mchanga, wakayachepusha maji yetu kuingia kwenye vijaruba vyao. Yale tuliyoyatupa ndiyo waliyokuwa wakilimia. Wanapanda mpunga, wanamwagilia mchicha, wananywesha mifugo. Mtaro wetu ndio mfereji wao. Yanayobaki hapo yanashuka kuelekea Kahe, na mwisho wa yote ni bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kuna wavuvi ambao sitawajua kamwe.

Bibi alinionyesha mahali palipokuwa na kidimbwi kirefu, watoto walikuwa wakivua perege. Sasa palikuwa tambarare ya tope. "Hili lilikuja mwaka mliochimba," akasema. Ule mtaro mweupe niliouonea fahari! Tulipong'oa majani yote tuliacha kingo uchi. Masika yalipozipiga zilibomoka, na maji yaliyokuwa yakitembea polepole katikati ya nyasi yakapata mbio za kubeba udongo. Tulilihamisha tope letu tukaliweka kwenye kidimbwi chao.

Kwenye matete machache yaliyosalia kulikuwa kumenasa vifuko vya dawa na chupa mbili tatu. Hatua kumi na mbili kutoka mtaroni, nilizihesabu, ndipo kilipokuwa kisima cha bibi. Kifupi, kina cha watu wawili hivi, mdomo umejengewa matofali matatu kwenda juu. Maji yake yalikuwa maangavu kabisa. Aliniteka kikombe, nikanywa, kwa sababu baba yangu alikunywa, na kwa sababu sikuweza kukataa mbele yake.

Mpwa wangu alikuwa akisomea kazi za maabara. Nilipomsimulia alikuja na vikaratasi vya kupimia, vile vyembamba unavyochovya kwenye maji ukasubiri dakika moja. Tulipima sehemu nne: mfereji wa juu, jaruba langu, mtaro, na kisima cha bibi. Kikaratasi cha naitreti hugeuka cha waridi naitreti ikiwapo majini; kwenye mfereji kilibaki karibu cheupe. Cha mtaroni kikawa cha waridi. Cha kisimani kikawa cha waridi vilevile, na kilikolea zaidi ya cha mtaroni. Nilimwambia arudie. Akarudia, ikawa hivyohivyo.

Alinieleza kwa subira. Urea shambani, chini ya maji, inageuka kwanza kuwa amonia. Ikitoka ikakutana na hewa, vijidudu vya udongoni vinaigeuza kuwa naitreti, na naitreti haishikwi na udongo. Maji yakienda nayo inakwenda. Huko chini kuna tabaka la mchanga, ndiyo sababu kisima kile hakikauki. Njia inayokipa bibi maji kiangazi ndiyo inayompelekea mbolea. Na bado kuna choo, kuna zizi la mbuzi, vyote vinachangia. Mpwa wangu hakunitwisha mzigo wote. Kikaratasi hakikusema naitreti ile ni ya nani.

Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba kuchemsha hakusaidii. Sisi wote tumefundishwa zahanati kuchemsha maji, na ni sawa, kunaua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Lakini naitreti haiungui. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na walio hatarini zaidi maji yakizidi kiwango hicho ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa au uji kwa maji hayo, kwa kuwa damu yao inashindwa kubeba hewa safi sawasawa. Nyumbani kwa bibi kulikuwa na kitukuu cha miezi minne. Nilimwomba mama yake amnyonyeshe tu, na maji yake mwenyewe ya kunywa achote kwenye bomba la shule, ingawa ni mbali. Aliniangalia kwa mashaka, kwa kuwa maji ya kisima yalikuwa yanang'aa. Nilimwelewa. Hata mimi nilikuwa nimezoea kuogopa maji machafu ya kuonekana kwa macho.

Niliporudi shambani nilianza na mbolea, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mikononi mwangu. Siku hizi mpangilio wangu ni mwingine kabisa. Siku mbili kabla ya kumwaga mbolea ya kukuzia naacha maji yapungue shambani kwa kunyweka yenyewe, nisifungulie mtaro kama naweza, mpaka ibaki tope laini. Namwaga urea juu ya tope. Kesho yake au keshokutwa naingiza maji membamba, vidole viwili, yaisukume mbolea iende chini kwenye mizizi. Kisha nafunga mlango wa chini, na haufunguliwi kwa siku saba. Dawa ya magugu nayo naifanyia vivyo hivyo, na kama maelezo ya kwenye chupa yanataka siku nyingi zaidi, nafuata chupa. Awamu ya pili ya urea nasubiri mpunga unapoanza kutunga mimba. Mpunga wangu umekolea rangi kuliko zamani, na mfuko mmoja sasa unanitosha mahali nilipokuwa nikitaka mfuko na nusu.

Hayo yote hayawezekani kama tuta ni bovu. Nililiinua tuta la chini hadi kufikia sentimita 25, nikalipiga tope na kulikandamiza kwa miguu, nikaacha kulikata kwa jembe. Kwenye mlango nimeweka vipande vya ubao vinavyopachikwa kimoja juu ya kingine. Nikitaka kupunguza maji natoa kipande cha juu tu. Maji ya juu ndiyo yanayotoka, na ndiyo masafi. Nilipokuwa nikikata tuta hadi chini nilikuwa nayatoa yale ya chini kabisa, yenye tope.

Na tope ni habari yake peke yake. Mbolea ya kupandia, ile DAP, ina fosforasi, na fosforasi haipendi kutembea yenyewe. Inajishika kwenye chembe za udongo na kusafiri nazo. Ukitoa maji ya tope umetoa fosforasi, na huko chini ndiyo inayolisha ule utando wa kijani. Maji machafu kupita yote ya msimu mzima ni ya siku ya kuvuruga udongo na maji kabla ya kupandikiza. Pawatila, lile trekta dogo la mkono, inapopita jaruba linakuwa uji mtupu. Zamani tulijaza maji mengi ili pawatila itembee kwa wepesi, tukimaliza tunafungulia mtaro mchana uleule ili kesho tupandikize. Sasa namwambia dereva avuruge na maji kidogo, hata akinung'unika kwamba inamchosha. Halafu nasubiri siku mbili. Tope linakaa chini, maji yanakuwa kama chai ya rangi iliyopoa, na mara nyingi sina hata haja ya kuyatoa. Kusawazisha vizuri nako kunasaidia sana. Jaruba lenye vilima na mabonde linakulazimisha kujaza maji mengi ili kilima kilowe, na hayo mengi ndiyo utakayoyamwaga.

Nimejifunza pia ile njia ya kulowanisha na kukausha, inayokwenda pamoja na kilimo shadidi, kile cha mpunga wa maji machache. Nilikata bomba la plastiki urefu wa sentimita 30, nikalitoboa nusu ya chini kwa msumari wa moto, nikalizika shambani na kuutoa udongo wa ndani. Ukichungulia unaona maji yamefika wapi chini ya udongo. Yakishuka sentimita 15, ndipo naingiza mengine. Mpunga haufi, mizizi inakwenda chini, na maji ya kutupa yanapungua. Wakati wa maua sifanyi hivyo. Mpunga ukichanua unataka maji. Baada ya urea pia sikaushi upesi, kwa kuwa ukikausha hewa inaingia, naitreti inatengenezwa, na maji yanayofuata yanaiondoa. Kwenye ile pembe ya magadi siifuati njia hii hata kidogo. Ukiukausha udongo wa magadi unaivuta chumvi kupanda juu. Nasema hivi kwa kuwa nimeona vijana wakifundishwa jambo moja zuri wakaenda kulifanya kila mahali.

Kuhusu mtaro wenyewe tulibishana sana, na hadi leo ubishi haujaisha. Mimi nilirudi kutoka kule chini nikiwa nimeshika jambo moja: kingo zisiwe uchi. Nyasi zinapunguza mbio za maji, zinashika tope, na mizizi yake inakula sehemu ya ile mbolea. Kwenye kikao nikasema tuache matete yaote. Mzee mmoja akasimama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kweleakwelea watalala wapi?" Alikuwa na haki. Kweleakwelea wanapenda kulala kwenye matete, na asubuhi wanatua kwenye mpunga kama wingu. Tumewahi kuamia ndege wiki nne mfululizo na bado tukavuna nusu. Na siyo ndege tu. Mtaro wenye majani mengi na maji yanayotambaa ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Mbu nao hawachelewi. Aliyekojoa damu utotoni kwa sababu ya kichocho, na kwetu wapo wengi, hawezi kuambiwa kirahisi kwamba majani mtaroni ni rafiki wa maji.

Tulichokubaliana kimepatikana kwa kujaribu. Ndani ya mtaro, pale maji yanapopita, tunasafisha ili yatembee. Kwenye kingo tumepanda mabingobingo, mstari mmoja kila upande. Yana mizizi ya kushika udongo, na kwa kuwa ng'ombe wanayapenda hakuna haja ya kumsukuma mtu kuyakata. Yanakatwa kila yanapofika kiunoni, hayafikii kuwa malazi ya ndege. Matete tumeyaacha mahali pamoja tu, pale mwisho wa skimu, ambapo kuna bonde linalolowa maji mwaka mzima na mpunga haujawahi kukubali. Maji yanaingia pale yakitawanyika, yanatokea upande wa pili yakiwa yametulia. Na hakuna tena kuusafisha mtaro pande zote mbili mwaka mmoja. Tunafanya ukingo mmoja, mwingine tunauacha hadi mwaka unaofuata, na hatuchimbi masika yakiwa yamekaribia. Anayeingia mtaroni anavaa buti. Hilo la buti tunalisimamia kwa ukali, hata kwa watoto wetu wenyewe.

Jambo gumu kuliko yote halikuwa udongo wala majani. Lilikuwa watu, yaani sisi. Naweza kufunga mlango wangu siku saba, na jirani wa juu akafungua wake siku ya pili. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akiosha bomba lake la kupulizia dawa mtaroni kila jioni. Siku moja nilimkuta, na hatua chache chini yake perege wadogo walikuwa wanaelea wamegeuza matumbo. Nilipandisha sauti. Alinijibu kwamba mtaro ni wa kutolea uchafu, ndiyo maana ukaitwa mtaro. Nilikasirika, kisha njiani nikakumbuka kwamba hata mimi nilisema karibu maneno hayo kwa bibi. Kesho yake nilikwenda kwake nikiwa nimepoa, nikamwomba tutembee hadi chini. Tukatembea. Alipoona watoto wanachota pale, hakusema kitu, lakini tangu siku ile anasuuza bomba na chupa mara tatu shambani kwake, na yale maji ya kusuuzia anayapulizia kwenye mpunga wake mwenyewe. Nimewapeleka watu wengi kwa njia ile. Kikao kizima kinaweza kupita bila mtu kubadilika, lakini kutembea nusu saa hadi kisimani kunambadilisha.

Chama chetu cha skimu kiliweka kanuni baada ya hapo. Anayepiga dawa anafunga kitambaa chekundu kwenye mti pembeni mwa mlango wake wa chini siku ileile, na hakitoi mpaka siku zake za kufunga ziishe. Mtu wa chini akiona vitambaa vingi anajua wiki hii asinyweshee mifugo pale. Ni jambo dogo, na halizuii sumu kuwapo. Lakini kwanza lilimlazimisha kila mmoja akumbuke kwamba kuna mtu anaangalia kutoka chini. Faini ipo, imetozwa mara mbili tu.

Kisima cha bibi tulikifunika na kukiacha kwa kufulia. Tulichimba kingine upande wa juu wa nyumba, mbali na mtaro, mbali na choo na zizi, tukakijengea ukingo na mfuniko. Wakulima wa mtaro wetu tulichanga saruji, vijana wa kule wakachimba. Mpwa wangu alipima. Rangi ya waridi bado ipo kidogo, siyo kama ya kile kisima cha kwanza. Tunapima kila mwaka mwezi wa tano na mwezi wa kumi.

Kuna jambo ambalo sijalimaliza. Baba aliniachia pia kishamba kando ya mto wenyewe, chenye udongo mweusi mzuri kuliko wote nilio nao. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo huo, na kishamba chote kimo ndani ya hizo mita. Nililima nyanya pale miaka mingi, na nyanya unazipiga dawa karibu kila wiki. Nyanya nimeacha. Nimepanda mabingobingo na migomba, siweki mbolea ya dukani wala dawa. Najua kwa sheria hilo bado halitoshi, na najua pia ada ya mwanangu wa mwisho ilikuwa inatoka kwenye zile nyanya. Mwaka jana nilirudisha mistari miwili ya miti upande wa maji, mikuyu na mingine ya asili niliyoomba miche yake. Minne imekufa, iliyobaki imenipita kimo.

Na masika makubwa yakija, kama yale yaliyofuata mvua za El Niño za mwisho wa 2023, hakuna ubao wala tuta linalozuia kitu. Mto unapanda, majaruba yote yanakuwa ziwa moja, na kila tulichomwaga kinaondoka. Kwa hiyo mimi mwezi wa nne simwagi mbolea nikiona wingu limekaa mlimani siku mbili, hata kama mpunga umeanza kuwa wa njano na jirani wanamwaga. Umri wa mpunga unavumilia wiki moja.

Bibi bado yupo, sasa haoni vizuri. Nikipita na buti ananitambua kwa mwendo, ananiuliza mtaro tumeufikisha wapi. Jumamosi ijayo ni zamu ya ukingo wa kushoto. Wa kulia tutauacha hadi mwakani.